Gavana aliyegeuka mwasi: je, Georgios Christakis-Zografos alitumwa na Athens?

Msomaji wetu wa Tanga, ambaye anakusanya stempu za nchi zilizokufa, anauliza hivi: "Nimepata stempu za mwaka 1914 za 'Epirus Inayojitawala', nikaanza kusoma habari za nchi hiyo. Nimeona kwamba kiongozi wake, Georgios Christakis-Zografos, alikuwa gavana wa serikali ya Ugiriki katika eneo lile lile hadi muda mfupi kabla ya uasi, na mwaka uliofuata alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje jijini Athens. Mtu anaasi vipi dhidi ya amri ya serikali yake, kisha anazawadiwa uwaziri? Alikuwa mwasi kweli au alitumwa?"

Nianze na jibu lenyewe, kwa kuwa maelezo yatakuwa marefu. Kwa kadiri ninavyoisoma historia hii, Zografos hakutumwa na waziri mkuu wa wakati huo, Eleftherios Venizelos, wala hakuasi kwa maana tunayoizoea ya mtu anayetaka kuipindua au kuikimbia serikali yake. Alilolitaka akiwa gavana ndilo alilolitaka akiwa rais wa jamhuri ya waasi, na ndilo alilolipigania akiwa waziri: kwamba nchi ya Epirus yote, kusini (ambako leo ni Ugiriki) na kaskazini (ambako leo ni Albania), iwe chini ya Ugiriki. Kilichobadilika ni uwezo wa serikali ya Athens kulisema jambo hilo kwa sauti. Kwa miezi kadhaa ya mwaka 1914 serikali hiyo ilijikuta haiwezi kulisema, na mtu mmoja mwenye jina, mali na ujuzi wa diplomasia akalisema kwa niaba yake mwenyewe. (Tarehe ninazotumia ni za kalenda ya sasa. Wagiriki wa wakati ule walikuwa nyuma kwa siku 13, kwa hiyo usishangae ukikuta nyaraka zinazotofautiana na hapa.)

Ili kumwelewa mtu huyu ni lazima tuanzie kwa baba yake, maana Georgios, aliyezaliwa mwaka 1863, alirithi mengi zaidi ya fedha. Christakis Zografos alitoka Qestorat, kijiji cha milimani karibu na mji ambao Waalbania wanauita Gjirokastër na Wagiriki Argyrokastro, akaenda Konstantinopoli na kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa benki katika Milki ya Osmani. Ukitembea leo katika barabara ya Istiklal jijini Istanbul, utaingia kwenye ujia wenye paa la kioo uliojaa mikahawa na harufu ya samaki wa kukaanga, unaoitwa Çiçek Pasajı, yaani Ujia wa Maua. Jengo hilo lilijengwa na Christakis mwaka 1876, na kwa muda mrefu watu walilijua kwa jina lake. Umbali mfupi kutoka hapo kuna shule ya Wagiriki iitwayo Zographeion, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 kwa fedha zake, na kule kijijini kwao vilevile alianzisha shule. Hakusahau alikotoka, kama wasemavyo watu wa pwani kuhusu wale waliofanikiwa mbali na kwao, lakini namna yake ya kutosahau ilikuwa ya pekee: kila alipojenga shule, lugha iliyofundishwa humo ilikuwa Kigiriki, na kila mtoto aliyepita humo alitoka akijiona Mgiriki, hata kama nyumbani mama yake alizungumza Kialbania. Hilo tulishike, kwa sababu baadaye ndilo litakalokuwa kiini cha ugomvi wote.

Baba huyo pia alinunua mashamba makubwa katika uwanda wa Thessalia, ambao Ugiriki iliupata kutoka kwa Waosmani mwaka 1881, na akajenga huko kiwanda cha sukari wakati Wagiriki wengi hawajawahi kuona kitu cha namna hiyo nchini mwao. Wakulima wa Thessalia hawana kumbukumbu tamu za mabwana shamba wa Konstantinopoli. Walilima ardhi isiyo yao na kugawana mavuno na mwenye ardhi aishiye mbali, na mwezi Machi 1910 huko Kileler baadhi yao waliuawa kwa risasi walipoandamana kudai ardhi. Nalitaja hili kwa kifupi ili ijulikane kwamba Zografos mwana hakuwa mtu wa vibandani aliyeibuliwa na umma. Alikuwa mtu wa tabaka la juu kabisa, aliyesoma sheria na sayansi ya siasa Munich na Paris, aliyeingia bungeni katika mrengo wa wahafidhina, na ambaye kiangazi cha mwaka 1909 alishika Wizara ya Mambo ya Nje kwa majuma machache tu kabla ya wanajeshi walioasi katika kambi ya Goudi, Athens, kuitikisa serikali. Majuma hayo hayakumpa nafasi ya kufanya lolote la maana. Yalimpa cheo cha "waziri wa zamani" na urafiki na mabalozi, na vyote viwili vilimfaa baadaye.

Vita vya Balkani vilipoanza Oktoba 1912, Ugiriki, Serbia, Bulgaria na Montenegro zilishirikiana kuifukuza Milki ya Osmani kutoka Ulaya. Mji mkuu wa Epirus, Ioannina, ulikuwa na ngome ngumu na haukuanguka hadi tarehe 6 Machi 1913. Majeshi ya Kigiriki yaliendelea kaskazini, na kufikia majira ya kuchipua ya mwaka huo yalishikilia Gjirokastër, Delvinë, bandari ya Sarandë na, upande wa mashariki, mji wa Korçë. Venizelos alihitaji mtu wa kutawala nchi hiyo mpya kama gavana mkuu, na akamteua Zografos, ingawa hakuwa mtu wa kambi yake kisiasa. Uteuzi ulikuwa na akili ndani yake: jina la Zografos lilijulikana katika kila kijiji chenye shule, na mwenyewe alikuwa na asili ya huko huko.

Hapa msomaji wa Kiswahili atavutiwa na jambo dogo. Kabla ya Zografos, aliyetawala Ioannina kwa niaba ya sultani wa Konstantinopoli alikuwa na cheo cha "vali", neno lililotoka katika Kiarabu "wali", na ndilo hilo hilo lililotupa sisi "liwali". Kwa hiyo mtu wa kawaida wa Ioannina alimwona gavana huyo mpya akikaa mahali pa liwali wa jana, na kazi yenyewe ilikuwa na sura ile ile: kodi, mahakama, askari wa barabarani, migogoro ya ardhi, malalamiko ya Waislamu waliogeuka wachache wasio na dola. Tofauti ni kwamba liwali wa Kiosmani alijua mipaka ya mkoa wake. Zografos alipewa mkoa ambao nusu yake ya kaskazini ilikuwa bado haijaamuliwa ni ya nani.

Uamuzi huo haukuwa mikononi mwa Wagiriki wala Waalbania. Albania ilikuwa imetangaza uhuru wake Vlorë tarehe 28 Novemba 1912, na Mataifa Makubwa sita ya Ulaya yakaafikiana jijini London kuitambua na kuichorea mipaka. Austria-Hungaria na Italia zilitaka Albania kubwa, kwa kuwa hakuna kati yake iliyotaka kuiona Ugiriki ikikaa pande zote mbili za mlango wa bahari wa Corfu. Kamati ya kimataifa ilitumwa kupita katika nchi hiyo katika miezi ya mwisho ya mwaka 1913 na kuamua kijiji kwa kijiji. Kipimo walichopewa kilikuwa lugha ya nyumbani, ile mtu anayozungumza na mama yake. Lugha ya kanisani na ya shuleni haikuhesabiwa.

Ukikielewa kipimo hicho, umeielewa hasira ya Zografos. Kwa mtazamo wa Kigiriki, uliojengeka katika karne nyingi za utawala wa Kiosmani ambao ulipanga watu kwa dini, Mkristo wa Kiorthodoksi aliyesali kwa Kigiriki, aliyesoma kwa Kigiriki na kuandika barua zake za biashara kwa Kigiriki alikuwa Mgiriki, basi. Takwimu zilizotolewa na Athens ziliwahesabu Waorthodoksi wote wa huko kuwa Wagiriki. Kwa mtazamo wa Kialbania, mtu yule yule aliyerudi jioni nyumbani na kuzungumza Kialbania na mkewe na watoto alikuwa Mualbania aliyesomeshwa na wageni, na dini haikuhusika, maana Waalbania walikuwa na Waislamu, Waorthodoksi na Wakatoliki. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na wapo watu waliokuwa kweli katikati, ambao hakuna aliyewauliza. Wajumbe wa kamati walipokewa na mikutano ya hadhara, bendera na umati uliopaaza sauti za kutaka kuungana na Ugiriki. Wajumbe wa Austria na Italia waliona humo mkono wa utawala; Wagiriki waliona moyo wa watu. Nadhani vyote viwili vilikuwamo, na kwamba gavana wa Ioannina hakulala usingizi miezi hiyo.

Tarehe 17 Desemba 1913 wajumbe walikutana Italia na kutia saini Itifaki ya Florence. Korçë, Gjirokastër, Sarandë, Delvinë na Himara vilipewa Albania. Ioannina na kusini yake vilibaki Ugiriki. Mstari ulipita kati ya mkoa wa Zografos, na kijiji cha baba yake kikaangukia upande wa pili.

Kisha likaja lile lililomfanya Venizelos aonekane msaliti machoni pa watu wa Epirus na mwerevu machoni pa wengine. Mwezi Februari 1914 Mataifa Makubwa yaliiambia Athens kwamba ingepata visiwa vya kaskazini ya Bahari ya Aegea ilivyovikalia, isipokuwa vichache vilivyopaswa kurudishwa kwa Uturuki, ikiwa tu ingeondoa majeshi yake yote kutoka Albania ya kusini kuanzia tarehe 1 Machi hadi mwisho wa mwezi huo, na isiunge mkono upinzani wowote huko. Lesbos na Chios zilikuwa kwenye mizani. Upande wa pili wa mizani ilikuwa milima ya Epirus. Uturuki ilikuwa inanunua manowari mpya, na Venizelos alihofia vita vya baharini ambavyo angevipigana peke yake iwapo angeyaudhi mataifa hayo. Akakubali. Binafsi siwezi kumlaumu, ingawa naelewa kwa nini mtu wa Himara hakuweza kumsamehe.

Zografos alikuwa amejaribu njia ya kati kabla mambo hayajafika huko. Alipendekeza kwamba ikiwa lazima eneo liwe ndani ya Albania, basi lipewe madaraka mapana ya kujiendeshea mambo yake, kwa mfano wa kantoni za Uswisi, au liwe chini ya usimamizi wa moja kwa moja wa Mataifa Makubwa. Pendekezo hilo linastahili kukumbukwa, kwa sababu linaonyesha kwamba tangu mwanzo aliutazama uasi kama njia ya kupata mkataba, si kama vita vya kufa na kupona. Hakusikilizwa. Alivua ugavana, akaenda Gjirokastër, na tarehe 28 Februari 1914, siku moja kabla majeshi ya Kigiriki hayajaanza kuondoka, serikali ya muda ya Jamhuri ya Kujitawala ya Epirus ya Kaskazini ikatangazwa huku yeye akiwa rais wake. Sherehe za kupandisha bendera zilifuata siku chache baadaye: bendera ya buluu yenye msalaba mweupe wa Ugiriki, na juu yake tai mweusi mwenye vichwa viwili wa Bizanti. Ajabu ni kwamba Waalbania nao bendera yao ina tai mweusi mwenye vichwa viwili, kwa hiyo katika vita vilivyofuata tai walipigana na tai.

Ukiitazama orodha ya serikali hiyo utaona haraka kwamba haikuwa genge la wahuni wa porini. Mambo ya nje yalishikwa na Alexandros Karapanos, mtoto wa dada yake Zografos, ambaye baba yake ndiye aliyefukua magofu ya hekalu la kale la Dodona. Mambo ya vita yalishikwa na Dimitrios Doulis, kanali wa jeshi la Ugiriki aliyeliacha jeshi hilo. Maaskofu watatu wa Kiorthodoksi wa eneo hilo walikuwa miongoni mwa viongozi. Upande wa pwani, katika milima ya Himara, kulikuwa na Spyros Spyromilios, ofisa wa polisi wa kijeshi mzaliwa wa huko huko, ambaye alikuwa amekwisha kutangaza uhuru wa Himara siku kadhaa kabla ya Zografos, bila kumsubiri mtu. Stempu zake ni zile zenye fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana, zilizogongwa kwa muhuri wa mkono. Kama unazo hizo katika mkusanyo wako, ndugu msomaji, zipeleke kwa mjuzi kabla hujafurahi, kwa maana zimeghushiwa sana tangu zamani.

Sasa tufike penye swali lako hasa. Walioamini kwamba yote yalikuwa mchezo wa Athens, nao ni Waalbania, Waustria na Waitalia wengi wa wakati huo, walionyesha mambo ambayo hayakanushiki. Maofisa na askari wa Kigiriki "walitoroka" jeshini na kuonekana kesho yake wakiwa na silaha zao katika vikosi vya Zografos. Bunduki hazikuota milimani. Michango ilikusanywa Ugiriki waziwazi, na magazeti ya Athens yaliandika habari za uasi kwa fahari. Ni vigumu kuamini kwamba serikali yenye polisi na jeshi haikuyaona hayo.

Hata hivyo, matendo ya Venizelos mwenyewe yanapinga wazo kwamba alimtuma. Korçë ilikabidhiwa kwa maofisa wa Albania mara moja mwanzoni mwa Machi, ilhali ingekuwa rahisi kuchelewesha. Manowari za Kigiriki zilitumwa kuizuia bandari ya Sarandë, ambayo ilikuwa mlango mkuu wa waasi kuingizia mahitaji. Wakubwa wa jeshi waliamriwa kuwazuia waasi kuchukua maghala. Zografos aliyalalamikia hayo kwa uchungu. Ninachokiona mimi ni serikali iliyokuwa inauma na kupuliza: mkono mmoja unatia saini karatasi za Mataifa Makubwa na kuzingira bandari, mkono mwingine haujitumi sana kumkamata ofisa anayevuka mpaka usiku na bunduki yake. Venizelos alitaka visiwa kwanza. Kama Zografos angeweza, kwa hatari yake mwenyewe, kuifanya Albania ikubali masharti, hilo lingekuwa faida ya ziada. Kama angeshindwa, Athens ingesema haimjui. Zografos alilifahamu hilo vizuri, na akalikubali. Kwa hiyo neno "kutumwa" halifai. Mimi ningesema aliachiwa.

Vita vyenyewe vilikuwa vichafu, na katika jibu la namna hii haifai kuvipita kimyakimya eti kwa sababu swali ni la diplomasia. Vikosi vya waasi, vilivyojiita Vikosi Vitakatifu, vilipambana na polisi wa kijeshi wa Albania waliokuwa wakiongozwa na maofisa wa Kiholanzi, pamoja na wanamgambo wa vijijini. Korçë ilishuhudia jaribio la uasi mwanzoni mwa Aprili lililozimwa baada ya siku chache za mapigano ya mitaani, na askofu wa Kigiriki Germanos akakamatwa. Katika mabonde ya kusini vijiji vya Waalbania Waislamu vilichomwa moto, watu wakauawa, na maelfu wakakimbilia upande wa Vlorë, wakalala chini ya mizeituni bila chakula. Maofisa wa Kiholanzi waliripoti mauaji waliyoyakuta. Upande wa Kigiriki nao ulilalamikia uchomaji na uporaji uliofanywa na wanamgambo wa Kialbania. Zografos hakuwa mtu wa kuongoza mauaji, lakini alikuwa rais wa serikali ambayo vikosi hivyo vilipigana kwa jina lake, na wandishi wa Kigiriki wanaomsifu kama mzalendo msafi huwa wanalipita jambo hili kwa haraka mno. Kwa Mualbania wa Gjirokastër jina lake halijawahi kuwa la shujaa.

Ufundi wake ulionekana katika mazungumzo. Albania ya wakati huo ilikuwa na mtawala mpya, mwana mfalme wa Kijerumani aitwaye Wilhelm wa Wied, aliyeshuka melini Durrës tarehe 7 Machi 1914 akiwa hajui nchi wala lugha yake, na kabla ya miezi mitatu kupita alikuwa na uasi mwingine wa wakulima Waislamu katikati ya nchi hata akalazimika kukimbilia melini kwa saa kadhaa. Karapanos alianza kuzungumza na Kanali Lodewijk Thomson wa Uholanzi huko Corfu mwezi Machi, bila mafanikio. Mapigano yalipozidi kuwaelemea Waalbania, Kamati ya Kimataifa ya Udhibiti, ambayo ilisimamia fedha na utawala wa Albania kwa niaba ya Mataifa Makubwa, ililichukua suala mikononi mwake. Wajumbe wa pande hizo walikutana Corfu, na tarehe 17 Mei 1914 Itifaki ya Corfu ikatiwa saini.

Nimeisoma itifaki hiyo mara nyingi, na kila mara nashangazwa na kiasi gani Zografos alikipata kwa jeshi dogo na jamhuri isiyotambuliwa na mtu. Mikoa miwili ya Gjirokastër na Korçë ilibaki ndani ya Albania na chini ya mamlaka ya mwana mfalme Wilhelm, lakini ilipewa utawala wake wa ndani. Polisi walipaswa kuwa wenyeji, na majeshi ya kutoka mikoa mingine yasiingie isipokuwa wakati wa vita. Shule za Waorthodoksi ziliendelea kufundisha kwa Kigiriki, na lugha hiyo ikapata nafasi ya kisheria pamoja na Kialbania mahakamani na maofisini. Kanisa lilibaki na haki zake. Himara ilirudishiwa upendeleo wake wa zamani. Mataifa Makubwa yaliwekwa kuwa wadhamini. Tukiweka kando bendera na mihadhara, hii ndiyo ile kantoni aliyoiomba kabla ya kuvua ugavana.

Tatizo ni kwamba baadhi ya watu wake hawakuitaka. Walioambiwa kwa miezi kadhaa kwamba wanapigania kuungana na Ugiriki sasa waliambiwa wakubali kuwa raia wa Albania wenye haki maalumu. Mkutano wa wawakilishi uliitwa Delvinë mwezi Juni, na huko Zografos akasimama kuwashawishi. Hoja yake ilikuwa ya mtu mzima: Ugiriki haiwezi kutusaidia sasa, Mataifa Makubwa hayatatuacha tuendelee, na anayekataa mkataba huu leo hataupata mzuri zaidi kesho. Wengi waliridhia. Watu wa Himara walikataa, wakasema kwao muungano na Ugiriki peke yake ndio unaokubalika. Serikali ya Albania nayo iliridhia ndani ya mwezi huo huo. Kwa siku chache ilionekana kana kwamba gavana huyu wa zamani ameshinda.

Lakini tarehe 28 Juni 1914 risasi zilisikika Sarajevo, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria akauawa, na majuma machache baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza. Mapema Julai vikosi vya Epirus viliingia Korçë. Mwana mfalme Wilhelm aliondoka Albania tarehe 3 Septemba, na wadhamini wa Itifaki ya Corfu walikuwa tayari wakipigana wao kwa wao. Mkataba ulikuwa haujafutwa na mtu, ila hapakuwa tena na upande wa pili wa kuutekeleza. Mwezi Oktoba Uingereza, Ufaransa na Urusi ziliiruhusu Ugiriki kuingia tena, kwa muda, wakati Italia ikijiandaa kuichukua Vlorë. Tarehe 27 Oktoba askari wa Kigiriki wakavuka mpaka kwa mara ya pili. Jamhuri ya Zografos haikuanguka vitani. Iliyeyuka pale jeshi la serikali "iliyoasiwa" lilipowasili na waasi wakalipokea kwa maua, na rais wake akafunga mizigo kurudi Athens. Kama kweli ingekuwa jamhuri ya watu waliotaka kujitawala wenyewe, siku hiyo ingekuwa siku ya msiba.

Hilo linajibu nusu ya pili ya swali lako, ile ya uwaziri. Hakuzawadiwa na Venizelos. Machi 1915 Venizelos alijiuzulu baada ya kukosana na Mfalme Konstantino kuhusu kuingia vitani, na mfalme akamwita Dimitrios Gounaris, mpinzani wa Venizelos, aunde serikali. Zografos, mhafidhina wa zamani mwenye jina jipya la uzalendo, alipewa Mambo ya Nje. Na hapo akafanya jambo ambalo watu wa mfalme hawakulitarajia kutoka kwake: ingawa aliketi katika baraza lililotaka Ugiriki isiegemee upande wowote, yeye alipendelea iingie vitani pamoja na Uingereza na Ufaransa, kwa masharti ya dhamana kuhusu ardhi yake. Mwezi Aprili alizipelekea nchi hizo pendekezo la namna hiyo. Hazikukubali masharti, kwa kuwa wakati huo zilikuwa zinaibembeleza pia Bulgaria, ambayo ilitaka ardhi ile ile ya Wagiriki. Mwezi Julai 1915 Zografos alijiuzulu. Kwa mara ya pili katika muda usiozidi mwaka mmoja na nusu alikuwa ameacha cheo kwa sababu ya mpaka.

Kuanzia hapo hadi kifo chake hakuwa tena mtu wa mstari wa mbele, na sioni sababu ya kurefusha. Epirus ya Kaskazini ilituma wabunge Athens katika uchaguzi wa Desemba 1915. Kisha mwaka 1916 Ugiriki ikagawanyika kati ya mfalme na Venizelos, Waitalia wakawaondoa Wagiriki Gjirokastër na Wafaransa wakaingia Korçë. Baada ya vita, Julai 1919, Venizelos na Waziri wa Mambo ya Nje wa Italia, Tommaso Tittoni, walipatana kwamba Italia ingeunga mkono madai ya Ugiriki juu ya eneo hilo. Zografos aliishi kuuona mkataba huo, na alipofariki Juni 1920 bado ulikuwa na nguvu. Mwezi uliofuata Italia iliuvunja. Novemba 1921 Mkutano wa Mabalozi wa nchi zilizoshinda vita uliurudia, kwa marekebisho madogo, mstari uliochorwa Florence mwaka 1913, na ndio mpaka uliopo hadi leo. Qestorat ipo upande wa Albania, mwendo mfupi kutoka Gjirokastër.